Makobazi ya Ghorofa ya Tatu

Zamzam alikuwa na tabia ya kutazama miguu kabla ya nyuso. Mteja akisimama mlangoni, yeye hutazama chini kwanza. Kisha huinua macho na kusema, "Karibu dada. Hicho kiatu kinakubana kidole cha mwisho." Na mara nyingi alikuwa amepatia.

Yeye na mumewe, Zahoro, walitengeneza makobazi ya ngozi. Kwao ni Nachingwea, lakini kazi walijifunzia Kariakoo, na Kariakoo ndiko walikooana. Zahoro alikata ngozi, akashona, akagonga soli. Zamzam alipima miguu na kuuza. Fremu yao ya duka ilikuwa chini ya jengo moja la ghorofa karibu na Mtaa wa Uhuru. Makuli walipita mbele yake na mikokoteni tangu asubuhi wakipiga kelele, "Mzigo huo, pisha!" Watu wakipisha mzigo walijikuta wamesimama kwenye mlango wa Zamzam. Wengine waliingia. Wengi walionunua walirudi tena.

Ilikuwa miaka ile ambayo viatu vya kutoka nje vilijaa kila kona ya Kariakoo, na simu za kupangusa zilikuwa zimeanza kufika mpaka mikononi mwa mama ntilie. Mkataba wa fremu ulipokwisha, mwenye jengo aliitoa nafasi yote ya mbele kwa Onesphory, mfanyabiashara wa viatu vya makontena. Zamzam na Zahoro walipewa chumba ghorofa ya tatu, upande wa nyuma.

Siku ya kuhama, Onesphory alisimama chini ya ngazi akiwatazama wakibeba kalibu zao za mbao za kuumbia viatu.

"Shemeji," alimwambia Zamzam, "mteja wa Kariakoo hapandi ngazi. Mwache mumeo apumzike. Wewe njoo unisimamie duka langu. Mdomo unao."

"Mdomo ninao," Zamzam alijibu, "ndiyo maana nakujibu. Siji."

Akapandisha mzigo wake.

Lakini kweli wateja hawakupanda. Ghorofa ya tatu ilikuwa kimya. Kulikuwa na mafundi cherehani wawili na stoo za watu. Zahoro alishona makobazi, akayapanga ukutani, yakakaa hapo mpaka yakashika vumbi. Nyumbani Ilala walianza kupunguza vitu. Kwanza nyama, kisha maziwa ya mtoto.

Zamzam hakuwa mtu wa kukaa akishika tama. Aliona wenzake wanauza mtandaoni. Naye akafungua ukurasa wa Instagram. Aliona kurasa nyingi zina picha za viatu vizuri vinavyong'aa, basi akachukua picha za namna hiyo kwenye mtandao, akaziweka kwake. Aliona wenzake hawaandiki bei, wanaandika, "Bei njoo inboksi." Naye akaandika hivyo hivyo. Kijana mmoja wa mtaani akamwambia anaweza kumnunulia wafuasi. Akakubali. Kesho yake ukurasa ulikuwa na wafuasi kibao. Wengi walikuwa na majina ya ajabu, watu ambao hawajui hata Kariakoo iko upande gani wa dunia.

Hakuna aliyenunua. Zamzam akazidi kuposti. Aliweka viatu, akaweka salamu za Ijumaa, akaweka picha ya mtoto wake, akaweka vichekesho.

Halafu akaja Mwanamkuu.

Mwanamkuu alikuwa muuguzi. Alikuwa ametoka Mbagala baada ya zamu, amechoka. Alizunguka jengo zima akitafuta mlango, maana ukurasa haukueleza vizuri. Alipofika ghorofa ya tatu, alikuwa anahema.

"Nimekuja kuchukua hivi," akasema, akionyesha simu.

Zamzam akatazama picha. "Hivyo hivyo kabisa hatuna, dada. Lakini tuna vinavyofanana."

Mwanamkuu akatazama ukutani. Hakuna hata kimoja kilichofanana.

"Nilikuuliza bei, ukanijibu baada ya siku mbili. Nikavumilia. Nikakuuliza mko wapi, ukaniambia Kariakoo. Kariakoo ndiyo anuani? Nimepanda ngazi zote hizi na miguu hii iliyosimama tangu asubuhi. Sasa unaniambia picha si yako! Huu ni utapeli, dada."

Akashuka. Jioni ile akaandika chini ya picha ya Zamzam: "Msihangaike kwenda. Picha si zao." Watu wakaanza kucheka na kuongeza maneno yao.

Zahoro alisoma, akakaa chini kwenye kigoda chake.

"Funga huo ukurasa," alisema polepole. "Jina langu halijawahi kuitwa la tapeli. Tuuze kalibu, turudi Nachingwea tukalime."

"Sirudi," Zamzam akasema.

"Zamzam, tumeshindwa."

"Nimekosea. Kushindwa bado. Wewe ukikata ngozi vibaya unafunga kiwanda?"

Zahoro akaokota kipande cha ngozi sakafuni.

Mlango ukagongwa. Aliingia Anjana, jirani wa ghorofa ya pili, ambaye wote walimwita Mama Paras. Wazazi wake waliwahi kuwa na duka la vitambaa huko Mchafukoge, naye alizaliwa katika jengo hili hili la Kariakoo. Alitengeneza achari za embe na chevda, vile vitafunio vikavu vya viungo, jikoni kwake na kuziuza kwa oda. Asubuhi vijana wa bodaboda walipanga foleni mlangoni pake kuchukua mizigo.

"Shikamoo, Mama Paras," Zamzam akasema.

"Marahaba. Ule ugomvi wa leo niliusikia mpaka kwangu. Nikaenda kusoma mtandaoni." Akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Sasa nikuambie ukweli au nikubembeleze?"

"Niambie ukweli."

"Hukuonewa. Ungeonewa ningeingia mwenyewe huko mtandaoni nikagombana nao. Yule dada ana haki. Umemwonyesha kitu ambacho huna."

Zamzam akainamisha kichwa. Kisha akakiinua. "Basi nifundishe. Maana siondoki humu."

Mama Paras akacheka. "Hayo ndiyo maneno. Haya, unamuuzia nani?"

"Wanawake."

"Wanawake ni nusu ya Bongo. Huwezi kuzungumza na nusu ya Bongo kwa simu moja. Nani alikuwa anarudi kununua kule chini?"

Zamzam akafikiri. Akawaona mmoja mmoja. Kulikuwa na mama wajawazito ambao miguu imevimba. Kulikuwa na walimu wanaosimama ubaoni siku nzima. Kulikuwa na mama ntilie mmoja mnene aliyemwambia hajawahi kupata kiatu cha kike kinachomtosha, akawa anavaa cha mumewe.

"Wenye miguu mipana," alisema kwa mshangao. "Wale wanaoambiwa madukani, 'Kitalegea chenyewe, vumilia.'"

"Umempata mteja wako. Sasa kila unachoweka, jiulize, huyu kitamsaidia nini? Salamu za Ijumaa zitampanulia kiatu?"

Zahoro alicheka bila kutaka.

"Pili," Mama Paras akaendelea, "unataka nini? Usiniambie wafuasi. Wafuasi wa kununua ni kama mahindi ya plastiki. Yanapendeza ila hayaliwi. Unataka mtu apande ngazi, au atume oda. Basi."

"Nifungue na kurasa nyingine? Watu wanasema niwe kila mahali."

"Uko peke yako na simu moja. Ukiwa kila mahali, hutajibu popote. Anza na Instagram ya kuonyesha kazi, na WhatsApp ya kupokea oda. Ukiviweza hivyo, ndiyo uongeze. Na matangazo ya kulipia yasubiri. Usilipie kuwaita wageni wakati nyumba haijafagiliwa."

Walikaa wakipanga. Zamzam alitaka kuposti kila saa. Mama Paras akamuuliza mwalimu na muuguzi wanashika simu saa ngapi. Wakakubaliana ni wakati wa chakula cha mchana na jioni wakishafika nyumbani. Wakapanga siku chache tu za wiki, zile ambazo Zamzam anaweza kuzitimiza bila kukosa. Siku ya kwanza ataonyesha kiatu kinavyotengenezwa. Nyingine atajibu swali moja ambalo wateja huuliza sana. Mwisho wa wiki ataonyesha mteja aliyevaa, kama mteja mwenyewe ameruhusu.

"Asiporuhusu?" Zahoro akauliza.

"Humpigi picha. Mguu wa mtu ni mali yake."

"Na bei?" Zamzam akauliza. "Hapa Kariakoo hakuna anayeandika bei."

"Wewe ukienda sokoni ukamuuliza mtu bei ya nyanya, akakwambia 'njoo pembeni nikunong'oneze,' utafikiri nini?"

"Nitafikiri ananiangalia usoni kwanza anipandishie."

"Umejijibu."

Lililobaki ni maneno ya Mwanamkuu. Zamzam alitaka kuyafuta.

"Ukifuta, ataandika tena, na safari hii na picha ya maneno uliyofuta," Mama Paras akasema. "Jibu palepale, mbele ya wote."

Zamzam akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akaweka hivi: "Dada Mwanamkuu, umesema kweli. Picha hazikuwa zetu. Nimekosea, nimeziondoa zote. Kuanzia leo utaona kazi ya mikono yetu tu. Samahani kwa ngazi na kwa muda wako."

Mwanamkuu akajibu neno moja. "Tutaona."

Kazi ikaanza. Zahoro hakutaka kupigwa picha. Alisema uso wake si wa biashara. Zamzam akamwambia, "Nani anataka uso? Nataka mikono." Akafungua dirisha ili mwanga uingie, akafuta vumbi mezani, akairekodi mikono ya mumewe, yenye kovu kwenye kidole gumba, ikikata ngozi na kuivuta juu ya kalibu pana. Kisha akarekodi njia. Alianzia mtaani, akaingia mlango wa pembeni, akapanda ngazi huku akieleza kila kona, mpaka mlangoni pao. "Ukichoka pumzika ghorofa ya pili," alisema kwenye video. "Sisi hatukimbii."

Kila kiatu akakiandikia bei, saizi na upana. Kwa walio mbali alieleza namna ya kujipima. Simama juu ya karatasi, mtu akuzungushie kalamu kwenye unyayo, pima urefu na upana kwa rula, piga picha, tuma. Tena pima jioni, maana mguu wa jioni si wa asubuhi. Saa za kujibu meseji aliziandika juu ya ukurasa, na akazifuata.

Mwanzoni palikuwa pakavu. Waliopenda picha zake ni ndugu wa Nachingwea, na mtu mmoja aliyeuliza kama wanauza pasi za umeme. Zahoro alimtazama mkewe, akarudi kushona. Zamzam aliendelea na siku zake zile zile alizopanga, hakukosa.

Kisha mwalimu mmoja wa Tabata akatuma picha ya karatasi yenye unyayo. Akafuata mama mjamzito kutoka Kigamboni. Akafuata dada yake. Kila aliyefika, Zamzam alimuuliza, "Umetujulia wapi?" Wengi walitaja video ya mikono. Hakuna aliyetaja vichekesho. Basi akaongeza video za mikono.

Siku moja Onesphory mwenyewe alipanda ngazi. Alifika jasho likimtoka, akabaki mlangoni.

"Wewe shemeji, nani kakutuma uandike bei hadharani?"

"Karibu kwanza ukae."

"Sikai! Wateja wanaingia dukani kwangu na simu, wananiuliza, 'Mbona juu wameandika bei, wewe unaficha?' Unatuharibia soko. Futa."

Zamzam aliweka chini kiatu alichokuwa ameshika.

"Sifuti."

"Biashara ina taratibu zake hapa!"

"Utaratibu wa nani? Mimi naandika bei ya kiatu changu, cha kwako sijakigusa. Ulisema mteja wa Kariakoo hapandi ngazi. Leo umepanda wewe. Shuka salama."

Onesphory akashuka akisonya.

Haikupita wiki, Zamzam akapata meseji. Ilitoka kwa Mwanamkuu, yule muuguzi. "Hizi si picha zako?" Chini yake palikuwa na picha za ukurasa wa duka la Onesphory. Zilikuwa picha za makobazi ya Zahoro. Hata kovu la kidole gumba cha Zahoro lilionekana. Namba ya simu ndiyo ilikuwa ya Onesphory.

Zamzam aliandika matusi marefu, yale ya Kariakoo yenyewe, akateremka nayo kwa Mama Paras kabla hajayatuma.

Mama Paras aliyasoma yote. "Yamekaa vizuri," akasema. "Lakini ukiyatuma, watu watakuja kutazama ngumi. Hawatakuja kununua viatu."

"Kwa hiyo ninyamaze? Aniibie na ninyamaze?"

"Nani kasema unyamaze? Kwanza ripoti zile picha kwa wenye mtandao. Kisha sema, tena kwa sauti. Lakini usimtaje. Onyesha kitu ambacho yeye hawezi kukionyesha."

Zamzam alipanda ngazi mbili mbili. Akamwambia Zahoro, "Leo nataka na uso."

Zahoro akavua kofia, akajifuta shavu, akakaa vizuri kwenye kigoda. Zamzam akasimamisha simu dirishani, akaketi kando yake.

"Picha zetu zinatumika na mtu mwingine," alisema akitazama simu moja kwa moja. "Mimi niliwahi kufanya kosa hilo hilo, nikaaibika, nikaomba radhi. Kwa hiyo ninalijua. Mtengenezaji ni huyu hapa, anaitwa Zahoro. Kidole chenye kovu ni hiki. Anayesema kazi ni yake, aje hapa ghorofa ya tatu, mchana kweupe, akate ngozi mbele yetu na kuivuta juu ya kalibu. Kisu tutamwazima."

Zahoro akainua kidole gumba. Kisha akaendelea kushona.

Video ile ilisambaa. Ilifika kwenye magrupu ya walimu, ikafika Morogoro na Lindi. Mwanamkuu aliisambaza kwa wauguzi wenzake na kuandika juu yake, "Hawa walikosea, wakakiri. Sasa wanasema kweli." Picha kwenye ukurasa wa Onesphory zikaondoka kimya kimya. Hakuna fundi aliyekuja kuazima kisu.

Mwanamkuu alikuja wiki iliyofuata, na wenzake wa wodini. Zamzam alimpima mwenyewe, akipiga magoti.

"Kiatu kikinibana, nitaandika tena," Mwanamkuu akasema.

"Andika, dada. Ndiyo dawa yetu."

Oda zikaongezeka. Makobazi ya mikoani yalipakiwa kwenye maboksi na kupelekwa kwenye mabasi. Mafundi cherehani wa jirani walianza kupata wateja wanaopita, wakamwomba Zamzam awafundishe kupanga kurasa zao. Aliwauliza swali lile lile la kwanza, "Unamuuzia nani?" Waliposema "watu wote," aliwarudisha wakafikiri. Nyumbani maziwa ya mtoto yalirudi. Zahoro akaajiri fundi wa pili.

Jumamosi moja ngazi zilijaa vigelegele. Ghorofa nzima ikatoka kuchungulia. Alikuwa bibi harusi mtarajiwa anayeitwa Sitara, na shangazi zake nyuma yake. Alikuwa amezunguka maduka yote ya mjini. Kila mahali walimwambia mguu wake ni mkubwa mno kwa kiatu cha harusi, avumilie, ni siku moja tu.

"Nimekataa," Sitara alimwambia Zamzam. "Siku yangu mwenyewe nikachechemee?"

Zahoro alimtengenezea makobazi ya ngozi nyeupe, mapana, yenye shanga kwenye mkanda. Siku ya kuyachukua, Sitara aliyavaa akasimama. Akapiga hatua moja, kisha nyingine. Shangazi mmoja akaanza kuimba. Sitara akacheza pale pale katikati ya vipande vya ngozi, akakanyaga sakafu kwa nguvu, mpaka nyundo ya Zahoro ikaanguka kutoka mezani.

Alipotulia, Zamzam akamuuliza kwa adabu, "Dada, unaniruhusu nikupige picha ya miguu, niiweke kwenye ukurasa? Ukikataa, si neno."

"Weka," Sitara akasema. Akaunyoosha mguu wake mbele, kwenye mwanga wa dirisha. "Na saizi yangu iandike. Iandike kwa herufi kubwa."